Samoni wamerudi Mto Cowichan

Hamjambo ndugu zangu? Nanong'ona kwa sababu kuna samaki hapa ukingoni, sitaki kumkurupusha. Ngoja nigeuze kamera. Mnamwona? Ni jike. Kalala ubavu, anapigapiga mkia, kokoto zinaruka. Anachimba pa kutagia. Mkia umechubuka mpaka umekuwa mweupe! Huyu ni samoni aina ya Chinook. Akishataga, hamalizi siku nyingi, anakufa humuhumu mtoni.

Huu ni Mto Cowichan, kwenye Kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada. Pangani yetu inaanzia huko Kilimanjaro na Meru. Huu unatoka ziwani hadi baharini kilomita 47 tu. Wenyewe hasa wa mto huu ni Waquw'utsun, wenyeji wa asili wa hapa. Zamani walikatiza mto mzima kwa uzio wa miti ili wanase samaki. Nilipoona picha yake nilisema, mbona hii ni wando! Mzee yeyote wa pwani angeitambua.

Wengi mnaniuliza kuhusu mamba. Hakuna, wala kiboko. Wakati wa joto watu wanaingia na maboya ya kupuliza pale mjini Lake Cowichan, maji yanawateremsha taratibu, hata anayejifunza kupiga kasia anaweza. Ila vaeni jaketi okozi, na msishuke hadi Skutz Falls. Kule ni maporomoko na miamba, si pa kuchezea.

Sasa nisikilizeni hapa. Kiangazi hapa mvua ni haba sana, kwa hiyo mto unategemea maji yaliyobaki ziwani. Kuna kizuizi kifupi pale mto unapoanzia, kilijengwa miaka ya 1950, ndicho kinachoyabana ili yatolewe kidogo kidogo. Mwaka 2023 ukame ulikaza, mto ukanywea, maji yakapata joto. Mwezi wa saba vifaranga vya samaki vilikufa kwa maelfu. Mto huu ulitangazwa urithi wa Kanada mwaka 2003, lakini cheo hakijazi maji. Kinachohitajika ni kizuizi kirefu zaidi kwenda juu kinachoweza kuhifadhi mvua za masika, na mimi nawaunga mkono wanaokidai.

Leo afadhali, imenyesha wiki nzima. Lile jiwe jeusi pale katikati, juzi lilikuwa nje lote. Sasa linaonekana kichwa tu.

Shh... tazameni nyuma yake, kwenye kivuli. Dume kafika.