Fokasi kwenye jicho: rangefinda na otofokasi

Karibuni sana. Hapa mezani nina Canonet QL17 GIII, rangefinda, yaani kamera unayoiwekea fokasi mwenyewe kwa kulinganisha picha mbili, iliyotoka mwaka 1972, na kando yake kamera ya dijitali ya otofokasi, inayojiwekea fokasi yenyewe. Tutampiga picha mtu mmoja kwa zote mbili, na fokasi, yaani ukali wa picha, tunaitaka kwenye jicho.

Tuanze na rangefinda. Chungulia kwenye dirisha lake. Kila kitu kinaonekana safi, cha karibu na cha mbali, lakini usiamini, maana hilo dirisha halipiti kwenye lenzi. Tazama kile kiraka cha manjano katikati. Kiweke juu ya jicho lake. Umeona? Kope ziko mbili mbili, kama mtu ana kivuli usoni. Sasa sukuma kishikio kilicho kwenye pete ya lenzi, polepole… zinasogeleana… zimelaliana. Usiguse tena. Panga picha yako, bonyeza.

Hapa wengi hukwama: kiraka hutenganisha picha kushoto na kulia, kwa hiyo kinataka mstari wa wima. Ukilenga dirisha la luva, mistari yote imelala, hutajua kama umefika. Simamisha kamera wima, lenga, kisha irudishe.

Haya, shika ya otofokasi. Weka AF-S, yaani ishike fokasi mara moja na kutulia, chagua nukta moja ya fokasi, isogeze hadi kwenye jicho. Bonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, ngoja nukta iwe kijani, malizia. Ukiiacha ichague yenyewe, mara nyingi itakwenda kwenye kilicho karibu zaidi, labda mkono ulioshika kikombe. Ikiwa inatambua macho, washa. Nayo ukiilenga ukuta mtupu, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma bila kushika. Tafuta ukingo wa kitu kilicho umbali uleule.

Mtoto akikimbia kukufuata, weka AF-C, yaani fokasi iendelee kumfuata, na uendelee kubonyeza nusu. Kwa kazi hiyo mimi sichukui rangefinda.

Ila sokoni au stendi, naichukua hiyohiyo, na kiraka sikitumii kabisa. Fanya hivi: weka tundu la lenzi kwenye f/8, zungusha pete ya fokasi hadi mita 3. Kwa lenzi hii ya milimita 40, kilicho kati ya mita 2 na 5 hivi kitatoka vizuri. Pima mita 3 kwa hatua zako mara kadhaa mpaka jicho lizoee. Mtu akiingia kwenye umbali huo, inua kamera na ubonyeze.