Paye inayoruka: kutafuta kosa kwenye programu ya kodi ya mshahara

NEEMA: Karibuni tena. Leo mezani tuna programu fupi ya mtu anayeanza, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python. Unaingiza mshahara wa mwezi, inakupa Paye, yaani kodi anayokatwa mfanyakazi kwenye mshahara, ya Tanzania Bara. Haigomi wala haitoi ujumbe wa kosa, ila majibu yake hayaingii akilini. Hamisi, tuufungue msimbo?

HAMISI: Bado, da' Neema. Kwanza viwango. Kama hujui jibu sahihi ni shilingi ngapi, utaukodolea macho msimbo mpaka alfajiri. Viwango vilivyoanza Julai 2021 viko hivi: shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000, asilimia 20. Kutoka 760,000 hadi milioni moja, asilimia 25. Kinachozidi milioni, asilimia 30.

NEEMA: Na kila asilimia inagusa kipande chake tu, haigusi mshahara mzima.

HAMISI: Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Programu inasema: mshahara ukifika hadi 270,000, kodi ni sifuri, ukifika hadi 520,000, kodi ni mshahara mara 0.08, na ngazi za juu vivyo hivyo. Sasa ingiza 270,000, unapata sifuri. Ingiza 270,001, unapata 21,600.08.

NEEMA: Yaani bosi kakuongezea shilingi moja, umekatwa elfu ishirini na moja na mia sita!

HAMISI: Na Python haina kosa hapo, imefanya ilichoambiwa. Wapo watu wazima maofisini wanaoamini Paye inakatwa hivyo, wanaogopa hata nyongeza ya mshahara eti watavuka ngazi. Kwa hiyo tusimcheke aliyeandika.

NEEMA: Basi tuwape jaribio la kulinasa kosa hili. Chukueni mipaka minne: 270,000, 520,000, 760,000 na 1,000,000. Kodi sahihi ni 0, 20,000, 68,000 na 128,000. Ziandikeni pembeni kabla ya kugusa kibodi. Halafu ongezeni shilingi moja kwenye kila mpaka. Kodi inatakiwa ipande kwa senti 8, senti 20, senti 25 na senti 30. Ikiruka zaidi ya hapo, mpaka huo una kosa.

HAMISI: Kujaribu mshahara mmoja wa katikati hakutoshi. Makosa ya programu hizi hujificha mipakani.

NEEMA: Sasa, mwenye programu alirekebisha. Kwenye ngazi ya tatu akaweka 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, ya nne 68,000 jumlisha asilimia 25, ya mwisho 128,000 jumlisha asilimia 30. Hesabu safi. Ila akaandika `if`, yaani "kama", kila mahali badala ya `elif`, yaani "la sivyo, kama". Mshahara wa 400,000 ukampa kodi ya hasi 22,000.

HAMISI: Serikali inamdai au yeye anaidai serikali? Tufuatilie. Laki nne iko chini ya 520,000, kwa hiyo sharti la pili linatimia, kodi inakuwa 10,400. Hilo ndilo jibu sahihi. Lakini `if` inayofuata inauliza kama iko chini ya 760,000. Iko. Kodi inaandikwa upya. Inayofuata inauliza kuhusu milioni. Iko chini pia. Inaandikwa tena: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 400,000 kutoa 760,000. Asilimia 25 ya hasi 360,000 ni hasi 90,000. Ndiyo hiyo hasi 22,000.

NEEMA: Ukiweka `elif`, Python inasimama kwenye sharti la kwanza lililotimia. Nalo lina mtego wake: ukigeuza alama ukaanza na "kubwa kuliko 270,000", mwenye 1,200,000 anaishia hapo hapo, anakatwa asilimia 8 ya 930,000, yaani 74,400, badala ya 188,000. Ukitumia "kubwa kuliko", anza na milioni, shuka.

HAMISI: Mimi hizo 20,000 na 68,000 sizipendi kabisa ndani ya msimbo. Kabla ya Julai 2021 ngazi ya chini ilikuwa asilimia 9, na kiasi cha kuanzia ngazi ya tatu kilikuwa 22,500. Fikiria mtu aliyebadili 0.09 kuwa 0.08, akasahau 22,500. Mwenye 520,000 anakatwa 20,000, mwenye shilingi moja zaidi anakatwa 22,500.20.

NEEMA: Badala yake?

HAMISI: Weka ngazi kwenye orodha: kila kipengele kiwe na mpaka wa chini, mpaka wa juu na asilimia. Mpaka wa juu wa ngazi ya mwisho andika `float("inf")`, yaani hauna kikomo. Kisha kitanzi, yaani amri inayojirudia, kipite ngazi moja baada ya nyingine: kama mshahara umezidi mpaka wa chini, chukua kwa `min` kilicho kidogo kati ya mshahara na mpaka wa juu, toa mpaka wa chini, zidisha kwa asilimia, jumlisha kwenye kodi.

NEEMA: Hiyo `min` ndiyo wanayoisahau. Bila hiyo, mwenye 600,000 anakatwa asilimia 8 ya 330,000 yote, halafu tena asilimia 20 ya 80,000. Inatoka 42,400. Sahihi ni 36,000.

HAMISI: Na `return`, amri ya kurudisha jibu, iwe nje ya kitanzi. Ikisogezwa ndani kwa nafasi nne tu, kitanzi kinazunguka mara moja na kurudisha jibu la ngazi ya kwanza, ambalo ni sifuri. Nchi nzima imesamehewa kodi.

NEEMA: Twende kwenye kuingiza namba. `input`, inayopokea anachoandika mtumiaji, inarudisha maandishi, hata ukiandika tarakimu tupu. Ukilinganisha na 270,000 unapata ujumbe wa kosa, `TypeError`. Ukitumia `int` kugeuza maandishi kuwa namba nzima, mtu akaandika 1,200,000 na mikato yake, unapata `ValueError`. Ondoa mikato kwanza kwa `replace`, kisha geuza.

HAMISI: Halafu kuna hili: programu imeshakuwa sawa, lakini haifanani na slipu ya mshahara.

NEEMA: Mchango wa hifadhi ya jamii. Unatolewa kabla ya kukokotoa Paye. Mwenye 1,200,000 anayechangia NSSF asilimia 10 anabaki na 1,080,000 ya kutozwa kodi, na Paye yake ni 152,000, si 188,000. Tofauti ya 36,000. Lakini asilimia 10 msiigandishe ndani ya funksheni. Mtumishi wa umma aliye PSSSF anachangia asilimia 5. Iingizwe kama thamani ya pembeni.

HAMISI: Ukiona tofauti kubwa zaidi, kama mara kumi, kagua kama umeingiza mshahara wa mwaka kwenye ngazi za mwezi. Laki nne kwa mwezi ni 4,800,000 kwa mwaka. Ukiipitisha hapo inatoka 1,268,000, wakati kodi halisi ya mwaka ni 124,800.

NEEMA: Na zile senti za ajabu, mkia wa tarakimu kumi na tano baada ya nukta?

HAMISI: Hiyo ni desimali ya kompyuta, hata 0.1 mara 3 kwenye Python haitoi 0.3 kamili. Andika viwango kama 8, 20, 25 na 30, jumlisha kwa namba nzima, gawanya kwa 100 mara moja mwishoni. Usikadirishe kila ngazi peke yake. Na kabla ya kumpa mtu wa mishahara, pitisha tena mipaka minne na shilingi moja juu yake.