Jinsi ya Kupima Muda wa Foleni Mpakani Tunduma kwa GPS ya Lori

Habari zenu madereva, matajiri na matingo wote. Nipo Tunduma, na nyuma yangu mnaiona foleni yenyewe. Kazi yangu ni kufunga GPS kwenye malori, na ninachokipenda kuliko vyote ndicho hiki cha leo: kupima lori limekaa mpakani saa ngapi na dakika ngapi. Maana tajiri akipiga simu kutoka Dar, "Bado uko Tunduma tu?", dereva anabaki na maneno matupu. Leo atakuwa na ushahidi.

Kufunga kifaa sikai nako. Waya wa betri, waya wa bodi, waya wa swichi, antena itazame juu. Basi. Ila laini iwe na huduma ya kutumika nje ya nchi, la sivyo ukiingia Nakonde, upande wa Zambia, kifaa kinanyamaza.

Sasa fungua ramani kwenye kompyuta. Tunachora nyuzio tatu, yaani mipaka ya kwenye ramani: lori likiingia au kutoka ndani yake, mfumo unaandika saa. Ngoja nigeuze skrini, jua linapiga... haya, mnaona sasa.

Wengi huzungushia geti la forodha tu. Hapo dereva umeshamwonea, kwa sababu foleni haianzii getini. Siku mbaya inarudi nyuma hadi Mpemba. Kwa hiyo uzio wa kwanza uanzie Mpemba, ufuate lami ya TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, uwe mwembamba. Yadi za maegesho mimi huzichorea uzio wake kando, ili tajiri aone muda wa yadi peke yake na wa barabarani peke yake.

Uzio wa pili ni eneo la ukaguzi. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja kifunguliwe mwaka 2019, lori linalokwenda Zambia linakaguliwa na nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia Tanzania linamalizia upande huu wetu. Kwa hiyo uzio wa kwenda sio wa kurudi. Wa tatu uweke mbele ya Nakonde, kwenye barabara ya kwenda Isoka, mahali lori likifika halisubiri tena. Kuingia wa kwanza hadi kugusa wa tatu, huo ndio muda wetu.

Sasa njooni karibu. SAA. Tanzania tuko saa moja mbele ya Zambia. Hapa ikiwa saa nne asubuhi, Nakonde ni saa tatu. Ukichukua saa ya kuingia kwa majira ya Tunduma na ya kutoka kwa majira ya Nakonde, safari ya kwenda inapungua saa nzima, ya kurudi inaongezeka saa nzima. Mimi niliwahi kukabidhi ripoti ya namna hiyo, na dereva aliyekuwa anarudi na shaba akaulizwa saa moja alikuwa wapi. Hakuwa popote, alikuwa kwenye foleni. Iliniuma sana. Ingia kwenye mipangilio, chagua majira ya Afrika Mashariki kwa malori yote, hifadhi. Halafu rudi uangalie kama kweli imehifadhi.

Na bado tuko kwenye saa. Ripoti ina safu mbili za muda: saa ambayo GPS ilisoma mahali, na saa ambayo taarifa ilifika. Mtandao ukikatika, kifaa kinatunza na kutuma baadaye, kwa hiyo hizo mbili zinapishana. Chukua saa ya GPS. Narudia, saa ya GPS!

Eeh, subirini. Mnaona hili lori hapa? Limeonyesha limetoka uzio wa pili, likarudi, likatoka tena, ndani ya dakika tatu. Halijasogea, ni nukta inayocheza kwa sababu limesimama ukutani mwa jengo. Vizuri limetokea mkiwa mnaona. Dawa yake: weka sharti kwamba kutoka kunahesabika lori likikaa nje dakika 5 mfululizo. Hapa... dakika 5... sawa, limetulia.

Kingine, foleni ikisimama dereva anazima injini, na kifaa kinasinzia. Kama kimepangwa kutuma kila nusu saa swichi ikiwa imezimwa, kosa lako linaweza kufika nusu saa. Weka kila dakika 2. Bando linaongezeka kidogo, lipia.

Mwisho, usichukue wastani. Lori moja likikwama siku nne kwa karatasi, linayaharibia yote. Panga safari zako kuanzia fupi hadi ndefu, chukua ya katikati.

Kwenye Peace Bridge, daraja la mpakani kati ya Marekani na Kanada, wameweka vinasa Bluetooth kando ya njia: kinatambua kifaa kilichomo garini kabla ya foleni, kinakitambua tena kikishavuka, tofauti ndiyo muda. Safi kwa magari madogo. Kwa lori lako mwenyewe, napendelea GPS, kwa sababu inakuonyesha umekwama wapi hasa.

Vifaa ninavyo, na nyuzio za Tunduma nakuchorea mwenyewe. Lile lori la bluu pale nyuma limeanza kusogea, ni la mteja wangu, ngoja nikaangalie kama limeshasoma uzio wa pili.