Setilaiti Iliyorushwa Kutoka Bahari ya Ngomeni

Walimu wenzangu shikamooni, na ninyi vijana mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ugunduzi wa kisayansi. Kwa kuwa tuko Pwani, nitazungumzia jambo lililofanyika papa hapa, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kwa miguu ya chuma, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilipaa na setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kupokea eksirei, miale isiyoonekana kwa macho kama ile ya picha za hospitalini, kutoka angani. Meneja wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani, akaiita Uhuru. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu za kifizikia kabisa. Karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia unaisukuma roketi bure kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Na setilaiti inayofuata njia ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungevuruga vipokezi vyake.

Lakini swali lilitangulia roketi: je, kuna eksirei zinazotoka kwenye nyota za mbali? Ilikuwa inajulikana kwamba Jua hutoa eksirei, ila kidogo mno, kama sehemu moja ya milioni ya mwanga wake. Kama nyota nyingine zingekuwa hivyo hivyo, kwa umbali zilioko, hakuna chombo cha wakati ule ambacho kingezihisi. Hesabu ilisema usijisumbue. Wanafizikia Riccardo Giacconi, Bruno Rossi na wenzao walijisumbua. Juni 1962 walirusha roketi huko New Mexico. Kazi iliyoandikwa kwenye ombi lao ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka Mwezini unapopigwa na miale ya Jua. Kwa kama dakika sita tu kipokezi kiliangalia anga. Eksirei za Mwezi hazikuonekana. Badala yake ukaja mng'ao mkali kutoka upande wa kundinyota la Nge, kutoka kwenye kitu ambacho eksirei zake zinazidi mwanga wake unaoonekana kama mara elfu moja.

Wapo wanaosema ile ilikuwa bahati. Mimi sikubali. Wale watu walikuwa wameunda kipokezi chenye wepesi wa kuhisi kuliko vilivyotangulia kwa makumi ya mara, wakakiacha kitazame eneo pana la anga. Anayetafuta Mwezi tu hujenga kifaa cha Mwezi tu. Wao waliacha nafasi ya kukuta wasichokitarajia, na nafasi hiyo waliiunda kwa makusudi.

Roketi hukaa juu dakika chache. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo ni Cygnus X-1, na hapa naomba tutulie.

Uhuru iliona eksirei za Cygnus X-1 zikibadilika ndani ya muda usiofika sekunde. Fikirini maana yake. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kinachopanda na kushuka ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi kilomita 30,000 hivi. Ni kidogo sana kuliko nyota ya kawaida! Lakini kiko wapi hasa? Setilaiti haikuweza kuonyesha mahali pake kwa usahihi wa kutosha. Mwaka 1971 wataalamu wa darubini za redio, Waholanzi kwa upande wao na Wamarekani kwa upande wao, walikuta mawimbi ya redio eneo lile lile, na hayo yakaelekeza kwenye nyota moja ya buluu, HDE 226868. Hapo wakaingia wenye darubini za mwanga: Louise Webster na Paul Murdin Uingereza, Tom Bolton Kanada. Wakaona nyota hiyo ikiyumba kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na mwenzake asiyeonekana, mzito mno kuwa kitu kingine chochote tunachokijua isipokuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Leo uzito wake unakadiriwa kuwa kama wa Majua 21.

Mwenye eksirei alikuwa na mpapatiko bila mahali. Mwenye redio alikuwa na mahali bila uzito. Mwenye darubini ya mwanga, bila wale wawili, asingekuwa na sababu ya kuiangalia nyota ile kati ya maelfu.

Inaniuma kukutana na wanafunzi wa fizikia wa mwambao huu ambao hawajawahi kusikia habari hii. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sehemu kubwa ya msingi wa tuzo ile ilipaa kutoka maji wanayovua samaki baba zenu.

Tutakunywa chai, kisha tutafungua kompyuta. Data za setilaiti nyingi za eksirei ziko wazi kwenye intaneti, bila malipo. Tutaanza na chanzo kingine cha eksirei, Centaurus X-3, ambayo Uhuru iliiona ikipiga mdundo kila baada ya sekunde 4.8. Kila baada ya siku 2.1 mdundo huo hupotea kwa saa kadhaa, halafu hurudi. Nataka ninyi mniambie ni kwa nini.