Nakshi za Misahafu ya Mwanzo

Mashekhe wetu, mama zangu, ndugu zangu, assalamu alaykum.

Nakshi za misahafu ya karne za kwanza za Hijria zilianza kwa kazi. Uzuri ulifuata baadaye. Ndilo neno langu leo.

Pale Paris, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina msahafu wa ngozi wa khati ya Hijazi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 1 Hijria. Hauna dhahabu. Mwisho wa aya ni vidoto vya wino tu, na baina ya sura na sura mwandishi ameacha nafasi tupu.

Nafasi ile ndiyo iliyokuja kujazwa nakshi. Zama za Bani Umayya, khalifa Abdul-Malik alipojenga Qubbatus-Sakhra, yaani Kuba la Mwamba, kule Baytul-Maqdis (Yerusalemu) mwaka 72 Hijria, kuta zilipambwa kwa mizabibu na majani. Mapambo ya aina hiyo yakaingia na misahafuni. Mwaka 1972, paa la Msikiti Mkuu wa mji wa Sanaa, Yemen, lilipokuwa likitengenezwa, zilipatikana kurasa nyingi kuukuu. Baadhi zina picha za majengo yanayoaminika kuwa misikiti, yenye matao na taa zinazoning'inia. Binadamu hamna, mnyama hamna.

Wapo waliochukia nakshi hizo. Imepokewa kuwa Ibn Masud, sahaba wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, aliagiza Qurani iachwe peke yake, isichanganywe na kitu. Hofu ile ilikuwa na haki kabisa, na naona mafundi waliisikia. Tazameni ukurasa wa khati ya Kufi, ile ya herufi za pembe, wa karne ya 3 Hijria: aya zimeandikwa kwa wino wa kahawia, lakini jina la sura, ambalo si wahyi, limetiwa dhahabu ili lisidhaniwe kuwa ni aya. Kutoka hapo linachomoza jani la dhahabu hadi pambizoni, likizungushiwa mstari mwembamba wa wino. Mwenye kufunua kurasa anaiona sura inapoanzia. Kila aya tano pana herufi Haa (ه) ya dhahabu, maana katika abjadi, yaani hesabu ya kutumia herufi za Kiarabu kama namba, Haa hiyo ni 5. Kila aya kumi, duara.

Sasa utazameni ule Msahafu wa Buluu. Ngozi imetiwa nili, maandishi yenyewe ni ya dhahabu. Alama za aya zitofautishwe vipi? Zikatiwa fedha! Fedha hiyo imeingia weusi kwa miaka, leo haionekani vizuri, na msomaji inambidi ajue mwenyewe aya inapoishia.

Wenye maswali, karibuni.