Bati la jirani na ndege ya futi 40,000

ZUHURA: Mhina, kabla hujatoa karatasi yako, jirani kaezeka.

MHINA: Hongera zake.

ZUHURA: Hongera za nini? Bati jipya, linang'aa mpaka macho yanauma, na limekaa kaskazini mashariki kwangu hapa Tanga, kulekule zinakotokea ndege za Dubai kwenda Johannesburg. Wiki nzima hii, ikishafika saa tatu asubuhi, kila ndege inayochomoza juu ya paa lile picha inatoka bawa limepinda.

MHINA: Bawa halijapinda. Hewa ndiyo inayopinda mwanga.

ZUHURA: Najua, bwana. Lakini hewa nitaigombeza wapi? Nalaumu bati.

MHINA: Haya. Leo mambo matano ya kupiga picha ndege zinazopita juu sana. Kwanza, kuijua ndege kabla haijafika. Pili, mipangilio ya kamera. Tatu, fokasi. Nne, kwa nini nyingine zinaacha mkia mweupe wa wingu nyuma yake na nyingine haziachi. Tano, antena ya kunasa ishara za ndege. Nusu saa inatosha.

ZUHURA: Na bati?

MHINA: Bati halimo.

ZUHURA: Basi liwe la sita, tuanze nalo.

MHINA: Dakika mbili tu. Msikilizaji, picha ikitoka mbovu usikimbilie kununua lenzi. Piga mfululizo wa picha kumi, uzikuze kwenye kompyuta mpaka asilimia 100. Zikiwa zimefifia zote sawasawa, hiyo ni fokasi. Zikiwa zimevutika kuelekea upande mmoja, shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ilikuwa polepole au mkono umetikisika. Lakini ukikuta picha ya tatu mkia umevimba, ya nne mkia uko sawa ila pua imeyeyuka, ya tano injini moja kali na nyingine imefutika, hiyo ni hewa ya moto.

ZUHURA: Yaani bati.

MHINA: Yaani hewa ya moto popote inapotoka! Lami, sakafu ya zege, hata kamera yenyewe. Itoe kwenye chumba chenye kiyoyozi uiweke juani, hewa iliyo ndani ya lenzi na ndani ya kile kikinga jua cha mbele itahangaika dakika 20 mpaka 30. Kwa unyevu wa Tanga, na kioo kitashika ukungu juu yake.

ZUHURA: Chumba changu hakina kiyoyozi. Kina dirisha, na dirisha linatazama bati.

MHINA: Dirisha usipigie kabisa. Joto la ndani na la nje linakutana palepale.

ZUHURA: Kuna wanaosema wapandishe shata.

MHINA: Shata ya 1/2000 ya sekunde inaligandisha wimbi la hewa ya moto, hailiondoi. Unapata bawa lililopinda, lakini limepinda kwa ukali kabisa. Bora kupima kabla: elekeza lenzi kwenye mnara wa simu ulio mbali, kuza skrini mara kumi, uangalie vyuma kama vinacheza.

ZUHURA: Hapo sikubaliani. Mnara uko chini, unautazama kwa kupitia joto la mji mzima. Utacheza tu, hata siku ambayo angani kumetulia. Tumia mwezi. Siku nyingi upo mchana na watu hawauangalii. Kingo zake zikitulia, piga. Na fokasi umeshaipata hapohapo: ifunge, bandika utepe kwenye pete ya lenzi. Ile alama ya umbali usio na mwisho usiiamini, lenzi nyingi zinaipita kidogo.

MHINA: Umeshachukua jambo la tatu.

ZUHURA: Nimekusaidia. Bati ni jembamba lakini, jioni si linapoa upesi?

MHINA: Linapoa upesi kuliko zege. Jua likishazama, linaloendelea kukusumbua ni ukuta na sakafu. Kwa hiyo jirani yako angemwaga zege juu, ungelia zaidi.

ZUHURA: Usimpe mawazo.

MHINA: Ila dawa yako wewe ni nyepesi. Ngoja ndege ifike utosini. Sema iko kilomita 12 juu. Ikiwa utosini, umbali ni hizo 12. Ikiwa nyuzi 30 tu kutoka upeo wa macho, umbali ni 24, na hewa unayoipenya ni mara mbili. Ndege kubwa ya Airbus A380 ina urefu wa mita 72.7. Kwa lenzi ya milimita 600 na kamera ya APS-C, yenye sensa ya ukubwa wa kati, ya megapikseli 24, utosini unapata pikseli 900 na kitu. Kwa nyuzi 30 hazifiki 500. Hapo bati lina kosa gani?

ZUHURA: Pikseli 900 za tumbo. Tumbo lenye kivuli, jua liko juu yake. Unaona mabawa na injini, basi. Mimi nataka ubavu: jina, rangi za mkia, mstari wa madirisha. Ndege ipite pembeni yangu kama kilomita 20, saa moja na nusu asubuhi, jua linaipiga ubavuni.

MHINA: Emirates wameandika jina tumboni kabisa.

ZUHURA: Shirika moja! Nyingine utazitambuaje? Utahesabu injini?

MHINA: Nitaangalia kwenye programu ya simu inayoonyesha ndege. Kazi ya picha ni ukali. Ubavu ulioyeyuka hausomeki jina.

ZUHURA: Saa moja na nusu hauyeyuki. Bati bado la baridi.

MHINA: Kwa hiyo unapiga saa moja kwa siku?

ZUHURA: Na wewe ukilala chali saa sita mchana jua liko utosini, utaielekeza lenzi wapi? Ukiteleza nyuzi chache umechoma sensa, na kwenye kitundu cha kuchungulia cha kioo umechoma jicho.

MHINA: Ndiyo maana siipigi saa sita. Saa nne, saa kumi.

ZUHURA: Saa nne bati limeshachemka.

MHINA: Utosini hakuna bati!

ZUHURA: Wewe uko Singida, mita 1,500 juu ya bahari, hewa kavu, na mstari mnyoofu wa Addis Ababa kwenda Johannesburg unakupitia karibu kichwani. Ni rahisi kuhubiri utosi.

MHINA: Mimi bado nasema utosini.

ZUHURA: Na mimi ubavuni. Endelea.

MHINA: Mipangilio, haraka. Ukiwa utosini...

ZUHURA: Au ubavuni.

MHINA: ...ndege inakwenda mita 250 kwa sekunde, karibu nyuzi 1.2 za anga kila sekunde. Kamera ikiwa imesimama na shata ya 1/1000, picha inateleza pikseli tatu na kidogo. Basi ifuate kwa mwili, shata 1/1600 au zaidi, tundu la lenzi f/8, wepesi wa sensa kunasa mwanga ISO 200 mpaka 400. Mkeka chini, lala chali, viwiko vishike mbavu. Lenzi ya 150-600 ina karibu kilo 2, na tripodi ya kawaida inakwama kabla hujafika juu. Na usifuate sauti. Kwa urefu ule inachelewa zaidi ya nusu dakika. Ukiisikia juu yako, ndege imeshakwenda kilomita 9 mbele.

ZUHURA: Umebakiza dakika tatu. Mkia mweupe.

MHINA: Huu ndio niliokuwa nautaka. Wanaosoma maelekezo ya Ulaya wanatafuta mkia kwanza, halafu ndege. Huku kwetu watakosa nyingi. Karibu na ikweta hewa ya juu ina joto zaidi kuliko kwao: futi 35,000 ni kama nyuzi 42 chini ya sifuri, na hapo mvuke wa injini mara nyingi haugandi. Futi 40,000 inakaribia nyuzi 53 chini ya sifuri, mkia unatoka. Zinazoelekea kusini magharibi hupangiwa urefu kwa mamia ya futi wenye namba shufwa, 360 (yaani futi 36,000), 380, 400, na zinazorudi kaskazini mashariki ni witiri, 370, 390, 410. Kwa hiyo ya 340 inaweza kupita bila alama yoyote, na nyuma yake ya 400 ikachora. Kuchora tu hakutoshi kuufanya udumu. Hewa ikiwa kavu unafutika nyuma ya ndege palepale. Ikiwa imeshiba unyevu kwa kiwango cha barafu unabaki na kutanuka.

ZUHURA: Na ukikatika katikati?

MHINA: Ndege imepita kwenye tabaka kavu, ikatoka. Rubani hajagusa kitu.

ZUHURA: Ule wa rangi za upinde, unaoanzia juu ya bawa lenyewe na siyo nyuma ya injini?

MHINA: Huo wa bawa. Hewa juu ya bawa inashuka shinikizo, inapoa ghafla, unyevu unaganda. Unaweza kutoka hata pale ambapo wa injini haujatoka, na ukiwa utosini...

ZUHURA: Huo ukiwa upande wa jua ndio rangi zinaonekana. Pembeni, Mhina. Siyo utosini.

MHINA: Hilo tutaligombania wiki ijayo, muda umekwisha. Antena haijaguswa.

ZUHURA: Waambie urefu tu.

MHINA: Masafa ya redio ya ishara za ndege ni megahezi 1090. Waya wa robo wimbi ni sentimita 6.9, usimame wima, nje, juu ya paa.

ZUHURA: Paa la nani?