Kiu ya Kalgoorlie: Dhahabu na Maji katika Nyika ya Australia Magharibi

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tunayazungumzia machimbo ya Coolgardie na Kalgoorlie, yaliyo zaidi ya kilomita 500 mashariki mwa jiji la Perth. Bwana Seif, watu wengi huianza historia hii kwa dhahabu, lakini wewe umetaka tuianze kwa maji.

SEIF: Ndiyo, Bi Mwanaidi, kwa sababu dhahabu yenyewe haikuwa shida kubwa. Septemba 1892 Arthur Bayley na William Ford waliikuta mahali palipoitwa Fly Flat, hapo Coolgardie, na Bayley akaingia mji wa Southern Cross akiwa na wakia 554, yaani zaidi ya kilo 17, kwenda kuisajili. Juni mwaka uliofuata Waairishi watatu, Paddy Hannan, Thomas Flanagan na Daniel Shea, wakapata nyingine kilomita 40 hivi mbele, hapo palipokuja kuwa mji wa Kalgoorlie. Watu wakafurika kwa maelfu katika nchi isiyo na hata mto mmoja wa kudumu, ambayo maji yake ya ardhini mara nyingi yana chumvi kuliko ya bahari.

MWANAIDI: Basi mchanga waliuosha kwa maji gani?

SEIF: Hawakuuosha, waliupeta. Mchimbaji alishika karai lililojaa mchanga mkavu, akaliinua juu ya kichwa na kuumimina polepole katika karai jingine lililokuwa chini. Upepo ulichukua vumbi, na dhahabu, kwa uzito wake, ikaanguka mahali pake, kama mama anavyopeta mchele pumba zikaruka. Jioni mtu huyo alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, na hana maji ya kunawa.

MWANAIDI: Na ya kunywa?

SEIF: Yaliuzwa kwa galoni. Wafanyabiashara walichemsha maji ya chumvi katika matangi ya chuma, wakaupitisha mvuke katika mabomba marefu hadi ukapoa na kuwa maji matamu. Kazi hiyo ilikula kuni nyingi mno, na miti iliyozunguka kambi ikateketea. Homa ya matumbo nayo iliua mamia ya watu, wengi wao vijana.

MWANAIDI: Hata hivyo, wapo watu walioishi hapo kwa vizazi vingi kabla ya Bayley.

SEIF: Wapo, wakiwemo Wawangkatha. Walijua kila shimo la mwambani lililohifadhi maji ya mvua, na mengine waliyafunika kwa mawe ili jua lisiyakaushe. Wageni walipofika, farasi na ngamia wao waliweza kulimaliza kwa siku moja shimo lililotunza ukoo mzima. Lililo baya zaidi ni kwamba David Carnegie, msafiri aliyeichunguza nyika hiyo, katika safari yake ya 1896 na 1897 kutoka Coolgardie hadi Halls Creek, aliwakamata wenyeji na kuwafunga, na kuna aliyelishwa nyama ya chumvi ili kiu imlazimishe kuonyesha maji. Tunalijua jambo hilo kwa sababu Carnegie mwenyewe aliliandika, bila ya kulionea haya.

MWANAIDI: Umetaja ngamia. Ni nani waliowaongoza?

SEIF: Waislamu kutoka Afghanistan na pande za India iliyotawaliwa na Waingereza. Ndugu wawili, Faiz na Tagh Mahomet, walikuwa na mamia ya ngamia waliobeba unga, vifaa na maji. Reli ilifika Coolgardie 1896, lakini kambi za mbali ziliendelea kuwategemea. Pamoja na hayo, sheria za koloni ziliwanyima Waasia na Waafrika leseni ya kuchimba dhahabu. Waliruhusiwa kuwalisha wachimbaji, si kuwa wachimbaji.

MWANAIDI: Sasa tufike kwenye bomba.

SEIF: Mwaka 1896 serikali ya John Forrest, waziri mkuu wa koloni la Australia Magharibi, iliamua kukopa pauni milioni 2.5 kwa mradi wa mhandisi mkuu wake, C. Y. O'Connor. Alitaka kujenga bwawa Mundaring, karibu na Perth, kisha ayasukume maji umbali wa kilomita 530, yakipanda zaidi ya mita 300, kwa vituo vinane vya pampu za mvuke. Mabomba yenyewe hayakupigwa ribiti: mabati mawili yaliyokunjwa nusu duara yalibanwa kwa pau ndefu za chuma, na hivyo ndani mkabaki laini na uvujaji ukapungua.

MWANAIDI: Lakini hakuyaona maji yakifika.

SEIF: Hakuyaona. Magazeti yalimwandama kwa tuhuma za ufisadi, na tarehe 10 Machi 1902 akajiua ufukweni, kusini mwa Fremantle. Barua aliyoiacha ilisema kwamba mradi ni salama na angeweza kuumaliza. Forrest aliufungua 24 Januari 1903, na hadi leo Kalgoorlie hunywa maji ya Mundaring.

MWANAIDI: Kabla hatujafunga, tuelezee ya Bonnievale, maana huko maji yalizidi.

SEIF: Machi 1907 mvua kubwa iliujaza maji mgodi mmoja karibu na Coolgardie, na Mwitaliano Modesto Varischetti akanaswa chini, akipumua hewa iliyozuiliwa kwenye upenyo juu ya maji. Treni maalumu ikaleta wapiga mbizi na vifaa vyao kutoka pwani. Frank Hughes, mchimbaji aliyewahi kuwa mpiga mbizi, alipapasa gizani katika njia zilizojaa matope, akampelekea chakula na taa, na baada ya siku tisa Varischetti akatolewa akiwa hai.

MWANAIDI: Akaacha kazi?

SEIF: Alirudi mgodini. Alifariki 1920 kwa maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi la mwamba, na kwa vumbi hilo hakuna aliyekodi treni maalumu.